Vipimo viwili tunavyovinunua na kimoja tunachokikwepa

Pale Kibirizi, mjini Kigoma, hatua chache kutoka boti zinapofungwa, kuna mama ninayenunua kwake migebuka wa kubanika kila Jumamosi. Juma moja hakunipimia samaki. Alifuta mikono kwenye khanga, akachomoa bahasha ya plastiki chini ya beseni, akanipa. "Mwalimu, hebu nisomee haya." Nilimkumbusha kwamba nilifundisha baiolojia, sikuwahi kuwa daktari. Akanijibu kuwa hilo analijua, ila daktari ana foleni na mimi sina.

Ndani mlikuwa na karatasi tano. Nne zilikuwa za kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo, zimepishana kwa miezi kadhaa katika muda wa miaka miwili, na zote nne zimeandikwa chanya. Kila alipopata chanya alipewa dozi. Aliimaliza, akarudi kupima, akakutwa chanya, akapewa dozi nyingine. Karatasi ya tano ilikuwa na herufi tatu, CEA, na mbele yake namba. Aliyempima alimwambia hicho ndicho kipimo cha kansa ya tumbo, namba ni ndogo, aende zake kwa amani. Hicho kimoja kilimgharimu kuliko vile vinne kwa pamoja.

Tangu siku hiyo siachi kuifikiria ile bahasha. Ukiitazama vizuri ni picha ya namna tunavyohangaika na saratani ya tumbo huku kwetu. Tunanunua kipimo cha mwanzo kabisa wa safari, tunanunua kipimo cha mwisho wake, na pale katikati, ugonjwa unapojijenga taratibu kwa miaka ishirini, thelathini, hatupiti kabisa.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kina ukarimu mno kwa tumbo. Mtu akisema tumbo linamuuma anaweza kuwa na maana ya utumbo, kibofu, hata mji wa mimba. Hapa nazungumzia tumbo la chakula, ule mfuko ulio chini ya chembe ya moyo, pale tunapobonyeza kwa kiganja tukisema "vidonda vimeamka".

Bakteria anayehusika anaitwa Helikobakta pailori. Kwenye karatasi huandikwa H. pylori, na watu wa maabara humwita "pailori" tu, kama jirani yao. Aliyemwona na kumtilia maanani alikuwa Robin Warren, mtaalamu wa patholojia mjini Perth, Australia, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama kwa hadubini vinyama, yaani vipande vidogo vya ukuta wa tumbo, vilivyokatwa kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1979 alianza kuona vijidudu vilivyojipinda vimetulia juu ya ukuta wa tumbo, mahali ambapo vitabu vilisema hakuna kiumbe awezaye kuishi kwa ukali wa asidi. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao maabara wakashindwa mara kwa mara, mpaka Pasaka ya mwaka 1982, sahani zilipobaki kwenye mashine ya joto siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu. Waliporudi kazini walikuta wameota. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao yeye mwenyewe, siku chache baadaye akawa anatapika, na kinyama kilichokatwa tumboni mwake kikaonyesha ukuta umewaka. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kabla yao madaktari walifundishwa kwamba vidonda huletwa na mawazo, pilipili na asidi kuzidi. Nenda leo kwenye kijiwe chochote cha kahawa pale Ujiji uulize vidonda vinatoka wapi: njaa, mawazo, maharage. Simcheki mtu. Maprofesa waliamini hivyo hivyo mpaka juzi. Ninachotaka msomaji ashike ni kwamba katika hadithi yote hiyo kila hatua ya maana ilipitia kwenye kinyama. Si damu, si namba. Mtu alikata kipande kidogo cha ukuta wa tumbo, mwingine akakitazama.

Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. (Ndugu zetu wa Urambo na tumbaku yao watanisamehe, sigara nayo inaongeza hatari ya saratani hii hii ya tumbo.) Habari hiyo iliposhuka mpaka mitaani ikapoteza nusu yake njiani, ikawa: ukikutwa na pailori, unaelekea kansa.

Hesabu inasema mengine. Takriban nusu ya watu duniani wanakadiriwa kuwa naye, na Afrika tuko juu ya hapo; wengi wetu tuliambukizwa utotoni, ndani ya nyumba zetu wenyewe, kwa mate, matapishi, mikono na maji. Kati ya watu 100 walio naye, mmoja hadi watatu ndio hufikia saratani katika maisha yao. Papo hapo, takriban tisa kati ya kumi za saratani za tumbo la chakula, ukiacha zile za pale juu linapoungana na umio, chanzo chake ni yeye. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na sisi tunaoishi kando ya Tanganyika tusipate shida kulielewa hilo: kila aliyezama aliingia majini, lakini wengi wanaoingia majini usiku hurudi alfajiri na dagaa.

Kwa hiyo swali lenye uzito ni nini kinachowatenga wale wachache. Hapa ndipo biolojia inaponoga.

Pailori anaishi kwa ujanja. Anatoa kimeng'enya kiitwacho yureasi, kinachovunja yurea na kuzalisha amonia, na amonia hiyo inapoza asidi iliyomzunguka. Amejijengea kivuli chake katikati ya jua kali. Kisha anajichimbia kwenye ute unaofunika ukuta. Baadhi ya jamii zake zina kitu mithili ya sindano: huichoma seli ya tumbo na kuisukumia ndani protini iitwayo CagA. Ikishaingia, protini hiyo inashika swichi za ndani ya seli, inaihimiza igawanyike wakati haikupaswa, na inalegeza gundi inayoishikamanisha na jirani zake. Juu ya hayo kuna kinga ya mwili yenyewe, inayopigana vita isiyoshinda wala kushindwa, mwaka baada ya mwaka, na uwanja wa vita ni ukuta wa tumbo lako.

Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia wa Colombia, alizipanga hatua zinazofuata kama ngazi. Kwanza ukuta unawaka. Kisha tezi zinazotengeneza asidi zinaanza kufa na ukuta unakonda. Kisha seli za tumbo zinabadilika na kufanana na za utumbo, kama mtu aliyechoka kuishi kwake akaiga maisha ya jirani. Kisha zinaharibika umbo na mpangilio. Mwisho saratani. Kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho ni miongo kadhaa, na walio wengi husimama njiani wasipande tena.

Kuna jambo moja kwenye ngazi hiyo ambalo sijasikia likisemwa kwenye dirisha la maabara. Tezi zikishakufa, asidi inapungua, na tumbo lisilo na asidi si makao mazuri tena kwa pailori. Anapungua, wakati mwingine anatoweka. Mtu anaweza kufika karibu na saratani, au kuwa nayo tayari, kisha kipimo cha bakteria kikasema hasi. Aliyewasha moto ameshaondoka, nyumba inaungua. Kwa hiyo chanya haimaanishi saratani, na hasi haimaanishi usalama kwa mzee wa miaka 60 anayekonda.

Colombia ina funzo jingine. Katika jimbo la Nariño, wakazi wa Tumaco, pwani, na wa Túquerres, juu milimani, karibu wote wana pailori. Ila saratani ya tumbo ni nyingi mno milimani na ni chache pwani. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba asili ya bakteria ikilingana na asili ya mtu, madhara huwa madogo. Wapwani, ambao wengi wana damu ya Kiafrika, wamebeba bakteria waliozoeana na mababu zao, ilhali milimani watu wenye asili ya Wahindi Wekundu wamebeba bakteria wageni kwao. Wapo pia wanaosema minyoo, iliyojaa pwani, inatuliza ghasia za kinga.

Ndiyo sababu tangu mwaka 1992 wanasayansi wanazungumzia fumbo la Afrika: bakteria wengi, saratani chache. Mimi fumbo hilo naliamini nusu. Nusu ninayoiamini ni hiyo ya mazoea ya muda mrefu kati ya mtu na mdudu wake. Nusu nyingine naona ni upofu wa kujitakia. Mzee anakonda kijijini huko Kasulu au Sikonge, anatapika kila alacho, anaambiwa ni vidonda, au amerogwa, anazikwa. Hakuna aliyeingiza kamera tumboni mwake. Kwenye daftari gani kifo hicho kimeandikwa saratani ya tumbo? Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya karibu 970,000 wa saratani hii na vifo karibu 660,000. Wa kwetu ambao hawakutazamwa wamo humo kwa kukisiwa tu.

Turudi kwenye karatasi ya tano, maana ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Viashiria vya saratani viko vya namna mbili, na biashara ya vipimo inafaidika tunapovichanganya. Kuna vinavyoonekana kwenye kinyama chenyewe na kuna vinavyopimwa kwenye damu. Vya kwenye kinyama vinasimulia habari ya ngazi ya Correa. Iko protini iitwayo Ki-67, inayojitokeza kwenye seli zinazogawanyika tu. Katika tumbo lenye afya inakaa kwenye utepe mwembamba katikati ya ukuta, na pailori akiwasha moto utepe huo unapanuka. Iko p53, mlinzi wa vinasaba, ambaye amevurugwa katika takriban nusu ya saratani za tumbo. Iko E-kadherini, ile gundi niliyoitaja. Kwa watu wenye pailori jeni yake huweza kufungwa kwa kifuniko cha kikemikali hata kabla saratani haijaonekana, na imeonekana kwamba bakteria akiondolewa, kifuniko hicho hulegea kwa kiasi. Hapo ndipo maambukizi na viashiria vinapokutana: seli inaanza kubadili lugha yake miaka mingi kabla ya uvimbe, na lugha hiyo inasomeka kwenye kinyama. Hata saratani ikishathibitishwa kinyama hakijamaliza kazi. Kikikutwa na protini iitwayo HER2 kwa wingi, jambo linalotokea kwa chini kidogo ya mgonjwa mmoja kati ya watano, kuna dawa, trastuzumabu, ambayo katika utafiti wa mwaka 2010 ilisogeza muda wa kati wa kuishi (ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka) kutoka miezi 11.1 hadi 13.8 kwa wagonjwa waliokuwa hatua za mwisho. Si mingi. Ila mwenye miezi hiyo ndiye wa kuulizwa kama ni michache.

Vya kwenye damu ni habari nyingine. CEA iligunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman, katika uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana. Inapanda kwa wavuta sigara wasio na saratani yoyote. Inapanda kwa wenye maradhi ya ini. Na wagonjwa wengi wa saratani ya tumbo, zaidi ya nusu yao, siku wanapogundulika CEA yao iko kawaida. Saratani ikiwa changa, ndiyo kabisa. Faida yake ni kumfuatilia mtu aliyekwisha kujulikana na kufanyiwa upasuaji: namba iliyoshuka ikianza kupanda, daktari anashtuka. Kumuuzia mama wa sokoni kama cheti cha kutokuwa na saratani ni sawa na kumwuliza mwenye nyumba kama mwizi yumo ndani, ukaondoka kwa kuwa hakuna aliyepiga kelele.

Mwenzake, CA 19-9, ana kasoro inayotuhusu sisi moja kwa moja. Kiashiria hicho kinatokana na kundi la damu liitwalo Lewis. Wapo watu ambao miili yao, kwa maumbile, haiwezi kukitengeneza, na watu hao ni wengi zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko miongoni mwa Wazungu. Uvimbe ukue wa saizi ya embe, namba yao itabaki chini vile vile. Nani anamwambia hivyo mteja kabla hajalipa?

Sasa zile karatasi nne. Kipimo cha damu cha haraka, kile cha tone kwenye kitepe, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, kumbukumbu ya mwili kwamba adui alipita. Kumbukumbu hiyo hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kukitumia kuangalia kama dozi imefanya kazi ni kosa, na ndilo kosa alilofanyiwa mama huyu mara tatu mfululizo. Kipimo kinachofaa ni cha choo kubwa kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha pumzi, ambapo mtu hunywa yurea yenye alama na kupuliza. Vyote vifanyike wiki nne au zaidi baada ya antibayotiki, na wiki mbili baada ya kuacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, maana humficha bakteria. Dozi zenyewe, antibayotiki mbili na dawa ya asidi kwa siku 14, si pipi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja pailori sugu kwa klarithromaisini, moja ya antibayotiki hizo, kati ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Usugu huo tunaulea sisi wenyewe, kwa dozi za kurudia zisizo na sababu na kwa zile zinazokatishwa siku ya tano kwa kuwa mdomo umekuwa mchungu.

Najua nitaambiwa: basi tupime watu wote, tutibu wote. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, walianza kufanya hivyo mwaka 2004, na saratani ya tumbo ikashuka kwa zaidi ya nusu. Nawaheshimu. Ila Matsu ilikuwa na saratani nyingi iliyokwisha kuhesabiwa, watu wachache, maji safi na kipimo cha kuhakikisha. Kigoma ukimtibu mtoto leo, kesho anakula sahani moja na ndugu sita. Mimi ningeanza na familia ambayo tayari imempoteza mtu kwa saratani hii, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, nikawapima hao vizuri na kuwatibu vizuri. Fedha inayobaki ningeipeleka kwenye kamera na kwenye watu wa kusoma vinyama, ambao ni wachache zaidi hata ya kamera. Uvimbe ambao haujakatwa kinyama hauna jina.

Na kamera si ya kila mwenye kiungulia. Ni ya anayepungua uzito bila kujinyima, anayeshindwa kumeza, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, aliyepungukiwa damu bila sababu, na mtu wa makamo ambaye maumivu yamemwanza ukubwani na hayasikii dawa. Huyo akiniuliza anunue CEA au akusanye nauli ya kwenda kwenye kamera, jibu langu ni nauli, hata kama ni behewa la daraja la tatu na usiku mzima mpaka Tabora na kuendelea.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, kwa kuwa watu wanapenda kukisingizia. Ushahidi upo kwa vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi, vya namna wanayoila Japani na Korea. Chumvi kali inachubua ute wa tumbo na kumrahisishia pailori kazi. Sisi tuna Uvinza, chumvi imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, na sitaki kusikia mtu akiisingizia Uvinza au dagaa wetu wa kuanikwa juani. Anayemimina chumvi mezani kabla hajaonja, huyo ajiangalie.

Mama wa Kibirizi alikwenda kwenye kamera, mbali na hapa, kwa msaada wa mchango wa kikundi chao cha akina mama. Alinieleza jinsi walivyompulizia dawa ya ganzi kooni, bomba lilivyopita, macho yakamtoka machozi, na baada ya robo saa yakaisha. Vinyama vyake viliwekwa kwenye kichupa cha fomalini, na majibu yakachukua karibu mwezi. Akaniletea karatasi ya sita. Bakteria hawakuonekana. Tezi ziko mahali pake, hakuna dalili ya seli kubadilika. Kulikuwa na michubuko mipya karibu na mlango wa kutokea tumboni, na daktari akamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza katika dozi zote nne: dawa gani nyingine unatumia?

Diklofenaki, dawa ya maumivu inayochubua tumbo. Mbili kila siku, kwa miaka mitatu, anazinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo, kwa sababu ya kubeba mabeseni ya samaki kutoka majini. Wakamwachisha, wakampa dawa ya asidi ya wiki nane.

Tumbo limetulia. Mgongo bado unamuuma, na Jumamosi iliyopita nilimkuta anamtafuta kijana wa kumbebea beseni kwa shilingi ambazo hana.